Meya aliyejenga makaburi akakosa maiti: jibu kwa dada anayeandika tamthilia ya siasa

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga. Ameandika skripti ya tamthilia ya TV, kamji kadogo, mwenyekiti wa halmashauri kaahidi stendi mpya na stendi haijengeki. Prodyuza aliyempelekea kamwambia siasa haiuzi, aitoe yote abakize mapenzi na fitina za mawifi. Anauliza hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimesikia Brazil waliwahi kutengeneza tamthilia nzima ya meya na makaburi na watu wakaipenda mno. Ni kweli? Waliwezaje watu wakaangalia siasa kila siku bila kuchoka? Na wao hawakufungiwa?"

Marahaba dada yangu. Swali lako nimelisoma na zile kurasa ulizonitumia nimezipitia zote, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu hiki kitu nakipenda na naona huyo prodyuza anataka kuua kazi nzuri. Siasa inauza. Kisichouza ni hotuba, na skripti yako kwa sasa ina hotuba nyingi, tutafika huko.

Kwanza ni kweli kabisa, waliitengeneza. Inaitwa O Bem-Amado, kituo cha TV Globo waliirusha kuanzia Januari 1973 mpaka Oktoba mwaka huohuo, saa nne usiku, vipindi zaidi ya 170, na ndo telenovela, yaani tamthilia ya TV, ya kwanza Brazil kurekodiwa kwa rangi japo nyumba nyingi bado zilikuwa na zile TV za nyeusi na nyeupe. Mwandishi ni Dias Gomes, mzaliwa wa Salvador kule jimbo la Bahia, na hadithi aliitoa kwenye mchezo wake wa jukwaani alioandika mwanzoni mwa miaka ya 60. Mji unaitwa Sucupira, wa kubuni, uko pwani ya Bahia. Una kanisa, una wavuvi, una gazeti lake dogo la makelele linaitwa A Trombeta, una daktari mlevi, kila kitu upo nacho ila makaburi hauna. Mtu akifa Sucupira inabidi abebwe akazikwe mji wa jirani. Sasa anatokea bwana mmoja mwenye mashamba, Odorico Paraguaçu, anagombea umeya kwa ahadi moja tu, nichagueni niwajengee makaburi tuzikwe kwetu. Watu wanampa kura, anashinda, anajenga kweli, ukuta na geti vyote tayari, na hapo ndo matatizo yanaanza maana ili ayafungue kwa sherehe na hotuba lazima apatikane marehemu, na Sucupira watu wamegoma kufa.

Hebu tulia hapo kidogo uone mwandishi, Dias Gomes, alichofanya, maana jibu la swali lako lipo hapo. Hajachagua chama, hajachagua itikadi, kachagua kitu kimoja cha umma ambacho hata mtoto wa darasa la tatu anakielewa, halafu akakifunga kwenye kila nyumba ya ule mji. Baada ya hapo kila kinachotokea kinakuwa siasa bila mtu kutamka neno siasa. Mtu akikohoa ni habari ya ofisi ya meya. Kuna binamu wa familia moja kubwa pale, anaitwa Ernesto, analetwa yuko hoi anasubiriwa kukata roho, meya anampokea kwa furaha isiyojificha, mipango ya mazishi inaanza kupangwa, na mgonjwa anapona. Daktari, yule mlevi, Juarez Leão, anageuka adui namba moja wa serikali ya mji kwa kosa moja tu, anatibu watu na wanapona. Mtazamaji hahitaji kuelezwa kwamba kiongozi anaweza kufika mahali akatamani wananchi wake wapate shida ili mradi wake uonekane wa maana, analiona kabisa usoni kwa meya anapochungulia kitanda cha mgonjwa. Paulo Gracindo ndo aliyemcheza Odorico, na mpaka leo mbrazil akitaka kumsema mwanasiasa wa aina ile anamtaja Odorico, hahitaji maelezo zaidi.

Na meya mwenyewe anapendeka, hili nalisisitiza kwa sababu mwenyekiti wako hapendeki. Odorico ni mwizi wa fedha za umma, mwongo, mzinzi, lakini anaongea vizuri mpaka unasahau. Maneno mengine anayatunga mwenyewe papo hapo, anachukua neno la kawaida anaongezea mkia ili lionekane la kisomi, na watu wa Sucupira wanatikisa vichwa kama wameelewa. Anavaa suti nyeupe, anainua mkono, sauti inapanda, na wewe sebuleni kwako unacheka naye kabla hujakumbuka alichofanya kipindi kilichopita. Dias Gomes alitaka mtazamaji afikie mahali ajishtukie kwamba na yeye angempigia kura. Mwenyekiti wako dada umemwandika mbaya tangu sekunde ya kwanza, anaingia na miwani myeusi anafokea dereva, kwa hiyo sisi watazamaji tumeshajitoa, tunajua sisi sio wajinga, wajinga ni wale waliomchagua. Ukiandika hivyo umempa mtazamaji njia ya kukimbia.

Sasa twende kwenye mapenzi, maana prodyuza wako anadhani ukiweka mapenzi unatoa siasa. Sucupira wapo dada watatu wa ukoo wa Cajazeira, Dorotéa, Dulcinéa na Judicéa, hawajaolewa, kanisani ni wa kwanza kufika, ndo walinzi wa maadili ya mji mzima, wanachukia kaptula na nyimbo za kisasa na kila binti anayecheka kwa sauti. Hawa ndo wapambe wakuu wa meya. Wakisimama barazani kumtetea hakuna wa kuwajibu. Na kila mmoja kati yao, kwa siri, ana jambo lake na meya. Odorico ni mjane, kwa hiyo anapita pale nyumbani kwao jioni, anakaribishwa kinywaji cha matunda ya jenipapo, anakaa na wote watatu wanaongelea maadili ya mji na adui wa maendeleo, wanamwita kwa heshima zote, halafu kila mmoja anasubiri zamu yake akidhani yuko peke yake.

Iangalie hiyo sebule vizuri. Glasi ndogo, kinywaji kitamu, wanawake watatu wamekaa wima kama wako kanisani, mwanaume mmoja anaongea kuhusu makaburi. Pale una wivu wa dada kwa dada, una unafiki wa dini, una namna kiongozi anavyopata watu wa kumsemea bila kuwalipa hata senti, una namna hao watu wanavyomlinda kwa sababu wakimwangusha wameanguka wote. Ni mapenzi ile? Ni siasa? Huwezi kutenganisha, na ukitoa kimoja sebule nzima inakufa. Dulcinéa anapopata mimba ya meya anatafutiwa wa kumficha aibu, na anayeangukiwa ni karani wa meya mwenyewe, Dirceu Borboleta, kijana mpole mwenye kigugumizi ambaye kazi yake ya moyoni ni kukusanya vipepeo. Anaolewa naye. Mpambe anabebeshwa mimba ya bosi na anashukuru! Na hiyo baadaye inaishia pabaya sana, damu inamwagika. Binti wa meya, Telma, naye anampenda nani? Yule daktari adui wa baba yake. Kwa hiyo kila uamuzi wa ofisini unarudi mezani kwenye chakula cha usiku. Mtu anayekuja kuangalia mapenzi anaikuta siasa humo humo na hawezi kuiruka.

Kuna mmoja sitaki nimpite haraka, Zeca Diabo. Odorico baada ya kuona Mungu hamsaidii anafikiria basi aletwe mtu ambaye kazi yake ni kuua, maana akiwepo muuaji mjini mazishi hayatachelewa. Zeca Diabo ni jambazi mwenye jina linalotisha sehemu zote zile. Anarudi Sucupira, mji mzima unajifungia ndani, na kumbe mwenzenu kachoka. Ana nadhiri kwa Padre Cícero, yule padri wa Juazeiro ambaye watu wa kaskazini mashariki mwa Brazil wanamheshimu kama mtakatifu, kwamba haui tena. Anataka amani, anataka kukaa na mama yake, anataka kujifunza kusoma. Lima Duarte alimchezea sauti nyembamba, jitu la kutisha lenye sauti ya mtu anayeomba radhi, na watazamaji wakampenda mno. Ukimwangalia anavyohangaika kwenda mbele na meya anavyomvuta arudi kwenye bunduki unaona kitu ambacho hotuba mia haziwezi, kwamba kuna watu kwenye mji wanataka kubadilika na wenye madaraka wanawahitaji wabaki vilevile. Na pia kumbuka Brazil wakati ule asiyejua kusoma hakuwa na haki ya kupiga kura, haki hiyo ilirudi mwaka 1985. Kwa hiyo muuaji anayetaka kujifunza herufi sio kitu kidogo.

Mwisho wake nakwambia maana hutaelewa la kwako bila huo. Meya anatumia kila hila, na aliyemleta amuulie watu ndiye anayemuua yeye. Zeca Diabo anampiga risasi Odorico, na yule aliyehangaika miezi tisa kutafuta maiti ndo anakuwa maiti ya kwanza ya makaburi yake. Na kipindi cha mwisho hakiishii makaburini. Kuna mvuvi anaitwa Zelão das Asas, kachezwa na Milton Gonçalves, tangu mwanzo anatengeneza mabawa kwa sababu ya nadhiri aliyoweka baada ya kunusurika baharini, watu wanamwona kichaa. Siku ya mwisho anapanda mnara wa kanisa anajirusha. Na anaruka kweli. Anaruka juu ya mji. Katika mwaka ule, katika nchi ile, watu wazima walielewa wameambiwa nini.

Na hapo nifike kwenye hofu yako ya kufungiwa, hii nitaieleza taratibu kidogo.

Brazil ilikuwa chini ya jeshi tangu 1964. Desemba 1968 walitoa amri yao namba 5, bunge likafungwa, watu wakakamatwa, magazeti na redio na TV vikawa chini ya wakaguzi. Mwaka 1973 rais ni Jenerali Médici, na kipindi chake ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote. Rais anachaguliwa na majenerali, magavana wananchi hawawapigii kura, mameya wa miji mikuu ya majimbo wanateuliwa. Lakini mameya wa miji midogo walikuwa bado wanapigiwa kura, uchaguzi umefanyika Novemba 1972, na Januari 1973 Odorico anaingia kwenye TV akiomba kura. Unaona? Meya wa kamji ndo kiongozi pekee wa serikali ambaye mtazamaji wa kawaida alikuwa amemchagua kwa mkono wake, na ndo pekee ambaye mwandishi angeweza kumgusa bila kugusa kambi ya jeshi. Dias Gomes hakuchagua mji mdogo kwa sababu ni wa kuchekesha. Mji mdogo ulikuwa ndo mlango uliobaki wazi.

Na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kutazamwa kwa jicho kali, mkomunisti, baada ya mapinduzi ya 1964 alipoteza kazi yake Rádio Nacional. Mwaka 1969 akaingia Globo, kampuni ambayo gazeti lake liliunga mkono mapinduzi yaleyale. Hilo linawasumbua wengi mpaka leo, alifanyaje kazi mule, mimi naona alifanya sahihi kabisa kwa sababu jukwaani michezo yake ilikuwa inapigwa marufuku na ukumbi una watu mia tatu, na kwenye TV alikuwa na nchi nzima. Saa nne usiku nayo ilimsaidia, ile ndo saa ambayo Globo walijaribia vitu vigumu kidogo, saa mbili usiku waliachiwa watu wa mapenzi ya kawaida.

Hawakuachwa salama lakini. Katikati ya 1973 wakaguzi walikataza Odorico asiitwe "coronel", yaani kanali, na Zeca Diabo asiitwe "capitão", yaani kapteni. Kule vijijini Brazil kanali sio lazima awe mwanajeshi, ni mwenye mashamba mwenye nguvu, mambo yaliyoanzia kwenye Guarda Nacional ya 1831 ambapo matajiri walipewa vyeo, jeshi lile likafutwa ila cheo kikabaki kwenye midomo ya watu, na ndo hao waliokuwa wanaamua kijiji kizima kimpigie nani kura. Kila mtu alijua kanali wa Sucupira ni wa aina hiyo. Ila wenye kofia walihisi wanachekwa wao. Vipindi kadhaa vilikuwa vimeshakwisha kurekodiwa, kwa hiyo Globo ikabidi warudie kanda moja moja wafute sauti kila mahali neno linapotamkwa. Mtazamaji akawa anaona mdomo wa mwigizaji unacheza na hakuna kinachotoka, halafu sentensi inaendelea. Ile kimya sekunde moja kila mtu aliijaza mwenyewe sebuleni kwake. Hata wimbo wa kufungulia ulibadilishwa, walikuwa wametunga wanamuziki Toquinho na Vinicius de Moraes, unaosema tumefungiwa kwenye ghala la baruti, wakaguzi wakaukataa, ukawekwa mwingine wa haohao.

Miaka miwili baadaye ikawa mbaya zaidi, na hii ndo stori ya kweli ya kufungiwa. Dias Gomes kaandika nyingine, Roque Santeiro. Mji unaitwa Asa Branca, unaishi kwa kumtegemea marehemu. Kijana mchonga sanamu za watakatifu anasemekana alikufa akiutetea mji dhidi ya majambazi, basi wamemfanya shujaa na karibu mtakatifu, sanamu lake liko katikati ya mji, mahujaji wanakuja, kuna jamaa anaitwa Zé das Medalhas anauza medali zake, kuna mjane wake anayeheshimiwa, Porcina, ambaye hata kuolewa naye hakuwahi kuolewa, kuna tajiri Sinhozinho Malta aliyeutunga uongo huo wa mjane na anafaidi. Siku moja baada ya miaka 17 marehemu anarudi, mzima wa afya! Sasa ukweli ukijulikana biashara zote zimekufa, meya hana mji wa kuongoza, padri hana mahujaji. Mji mzima una sababu ya kumtaka arudi alikotoka.

Ilipangwa kuanza tarehe 27 Agosti 1975. Matangazo yameshapita, waigizaji wako tayari, vipindi vimerekodiwa, na siku yenyewe inapigwa marufuku. Hadithi ilitoka kwenye mchezo wa jukwaani wa Dias Gomes uliokatazwa mwaka 1965, na simu ilikuwa inasikilizwa, akasikika akimweleza rafiki yake, mwanahistoria Nelson Werneck Sodré, kwamba hii ni ileile tu imebadilishwa nguo. Globo wakasoma tamko kwenye taarifa ya habari ya usiku, wakarudisha tamthilia ya zamani kujaza pengo, na wakati huo mke wa Dias Gomes, Janete Clair, ambaye ndiye alikuwa malkia wa tamthilia za mapenzi Brazil, akakaa akaandika haraka haraka nyingine iitwayo Pecado Capital akiwatumia waigizaji walewale wakuu waliobaki bila kazi. Ikaanza Novemba, ikapendwa sana.

Roque Santeiro ikasubiri miaka 10. Machi 1985 raia anashika urais baada ya miaka 21 ya wanajeshi, Juni 1985 Roque Santeiro inaanza, Regina Duarte ndo Porcina, Lima Duarte ndo Sinhozinho Malta na mabangili yake anayoyatikisa mkononi kila akitaka mtu akubaliane naye, José Wilker ndo Roque, na Aguinaldo Silva anasaidiana na Dias Gomes kuandika. Ikaendelea mpaka Februari 1986 na ni moja ya tamthilia zilizoangaliwa zaidi katika historia ya nchi ile. Ikavuka bahari mpaka huku kwetu Afrika, Luanda soko kubwa kabisa la wazi likaitwa Roque Santeiro, watu wakanunua humo unga na betri na mitumba kwa zaidi ya miaka 20 mpaka serikali ya Angola ilipolifunga mwaka 2010. Wauza samaki wa Sambizanga, eneo lilikokuwa soko hilo, walijua Asa Branca ni wapi. Sasa mtu aniambie siasa za kamji haziuzi.

Kwa hiyo hofu yako ina msingi, sitakudanganya. Kubuni jina la mji hakukingi kila kitu, Sucupira ulikuwa wa kubuni na ukafutwa sauti, Asa Branca ulikuwa wa kubuni na ukafungiwa mchana kweupe. Mji wako usiupe jina la wilaya iliyopo, chama usikitaje, rangi za chama zozote zile usizisogelee hata kwenye kanga ya muuza maandazi, skripti ipelekwe inapotakiwa kupelekwa mapema sio wiki ya kurekodi. Hayo fanya. Lakini usiandike huku unajikata mwenyewe kabla ya kukatwa. Dias Gomes aliandika kamili, wakaguzi ndo wakafuta, na alama ya kufuta ikaonekana. Mwandishi akijifuta mwenyewe hakuna alama, kinabaki kitu laini ambacho hakuna aliyekikataza na hakuna anayekikumbuka.

Sasa skripti yako. Stendi ni chaguo zuri sana na wewe mwenyewe hujaliamini. Nimesoma vipindi vyote vinne, stendi inatajwa kwenye mikutano tu, hakuna mtu hata mmoja ambaye usiku wake unaharibika kwa sababu ya stendi. Nani anauza chai kwenye stendi ya zamani? Nani ana gesti pale karibu, ambayo ikihamishwa stendi inabaki na popo? Shamba litakalochukuliwa kwa ajili ya stendi mpya ni la nani, na amelirithi na nani, na hati iko kwenye sanduku la nani? Umeandika wifi mkorofi, bi Mwanaisha, anamchukia mke wa mwenyekiti na hatujui kwa nini, eti tabia yake tu. Mpe gesti. Basi. Papo hapo fitina za mawifi anazozitaka prodyuza zimekuwa ndo siasa yenyewe, na yeye atakuona umemsikiliza. Dereva wa mwenyekiti naye, yule anayefokewa, kaka yake awe kondakta wa basi. Mwenye ile kampuni ya ukandarasi awe kaposa binti wa mwenyekiti na mahari imeshapokelewa, uone kama mradi utachunguzwa.

Mwenyekiti mpende. Mpe kitu anachokifanya vizuri kweli, labda anakumbuka jina la kila mtu na mtoto wa kila mtu anasoma wapi, anafika msibani wa kwanza, anabeba jeneza mwenyewe. Tunawajua viongozi wa hivyo, na tunawachagua kwa hayo, na sio ujinga kwa sababu siku ya msiba mtu anayebeba jeneza ana maana. Ukishatufanya tumpende ndo utuonyeshe hela ya stendi ilipoenda, tutaumia.

Kuhusu mwisho, umeniuliza akamatwe au aachwe. Usikimbilie polisi. Odorico aliangushwa na kitu alichokileta kwa mkono wake, na huko Asa Branca mwishoni Porcina anabaki na Sinhozinho Malta, Roque anaondoka, mji unaendelea na uongo wake, hakuna aliyefungwa. Zote mbili zinauma kuliko pingu. Halafu kumbuka Globo walimfufua Odorico mwaka 1980 wakamfanyia vipindi vya kila wiki mpaka 1984 kwa sababu watu walimmisi, kwa hiyo ukimuua mwandike kwa namna ambayo watamlilia.

Kabla hujarudi kwa prodyuza rekebisha kitu kimoja tu kwanza, kipindi cha nne, ule mkutano wa hadhara wa kurasa tisa. Utoe wote. Mwenyekiti kurasa hizo anaeleza kwa nini stendi imechelewa, maneno yake ni mazuri tatizo anawaambia watu mia wasio na majina. Mpeleke nyumbani kwake usiku, umeme umekatika, mkewe anakunja nguo, binti yake anayeposwa anasikiliza mlangoni, na yeye anafanya mazoezi ya ile hotuba ya kesho. Mke hapingi. Anamuuliza swali moja tu la hesabu ya lori za kokoto, kwa sababu kaka yake ndo alikuwa anazihesabu, na mwenyekiti anarudia sentensi yake kutoka mwanzo kwa sauti kubwa zaidi. Andika hiyo, kurasa tatu zinatosha, halafu nitumie niisome.